Mwandishi wa Kujitegemea: Anamtegemea Nani?

Miongoni mwa istilahi zinazotumika kila siku katika magazeti, redio na ofisi za wachapishaji bila kuchunguzwa vya kutosha, imo istilahi "mwandishi wa kujitegemea". Istilahi hii humtaja mtu aandikaye habari, makala, hadithi, tafsiri au michezo ya redio bila kuwa mwajiriwa wa chombo anachokiandikia, na ambaye hulipwa kwa kila kazi inayopokewa. Kwa Kiingereza mtu huyo huitwa "freelance". Kijana anayetaka kuianza kazi hiyo leo, awe yuko Dar es Salaam, Mombasa au Bukoba, hulikuta jina hilo likimngoja kama shati lililokwisha kushonwa. Hulivaa bila kuuliza lilipimwa katika mwili wa nani. Madhumuni ya makala haya ni kuliuliza swali hilo kwa niaba yake.

Wako wanaosema kwamba istilahi ikishaenea haina haja ya kuhojiwa, kwa kuwa matumizi ndiyo hakimu wa mwisho wa lugha. Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Lakini istilahi ya kazi haifanani na istilahi ya mdudu au ya madini. Mdudu hajui ameitwaje, wala madini hayapungui thamani kwa kupewa jina baya. Mtu anayeitwa kwa jina la kazi yake hupata haki au hukosa haki kwa sababu ya jina hilo. Mhasibu hulisoma kabla ya kutoa fedha, mwenye gazeti hulisoma kabla ya kutia sahihi, na hakimu hulisoma kabla ya kusikiliza ushahidi. Kwa hiyo kosa katika istilahi ya namna hii lina mtu anayelilipia.

Asili ya neno la Kiingereza

Yafaa kwanza tulitazame neno tunalolitafsiri. Neno "freelance" ni muungano wa maneno mawili: lile lenye maana ya huru na lile lenye maana ya mkuki wa askari mpanda farasi. Walter Scott, mwandishi wa Scotland, alilitumia katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819, kuwataja askari wa enzi za kati ambao mikuki yao haikufungwa kwa kiapo cha utii kwa bwana yeyote. Walipigana kwa ajili ya yule aliyewalipa, na vita vikiisha walitafuta mlipaji mwingine. Baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 19, neno liliondoka katika uwanja wa vita likawaendea wanasiasa wasiokuwa na chama, kisha waandishi wasiokuwa na gazeti moja.

Mambo mawili yaangaliwe hapa. Kwanza, uhuru unaotajwa katika neno hilo ni uhuru wa kutofungwa na kiapo. Haukuwa uhuru wa kufanya kazi bure. Askari huyo hakuinua mkuki wake kabla ya kujua ujira. Pili, Kiswahili kina neno lake kwa askari wa aina hiyo, nalo ni mamluki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ilikuwa mtu anayemilikiwa, hasa mtumwa aliyefunzwa uaskari. Basi lugha mbili zimemtaja askari wa kukodiwa kutoka pande mbili zinazopingana: moja ikasema yu huru, nyingine ikatumia neno lililoanza kwa kusema yu mali ya mtu. Sisemi kwamba mwandishi aitwe mamluki. Nasema kwamba hali ya mtu anayeuza kazi yake kipande kwa kipande ina nyuso mbili, na kwamba mtunga istilahi anayeuona uso mmoja tu atamdhulumu anayeitwa.

"Mwandishi huru"

Istilahi ya kwanza iliyopendekezwa na baadhi ya watumiaji ni "mwandishi huru". Ni fupi, inatamkika kwa urahisi, na inafuata Kiingereza kwa karibu. Huo wa mwisho ndio udhaifu wake. Neno huru katika Kiswahili lilikuwa kinyume cha mtumwa. Tangu Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na Zanzibar na Kenya mwaka 1963, neno hilo limebeba uzito wa taifa zima. Tunaposema leo tume huru, mahakama huru au gazeti huru, tunamaanisha chombo kisichoamriwa na mtu mwingine nini cha kusema au kuamua. Kwa hiyo mwandishi huru, katika sikio la Mswahili, ni mwandishi ambaye mawazo yake hayakuwekewa mipaka na mwenye nguvu.

Je, huyo ndiye mtu tunayemzungumzia? Aghalabu siye. Mwandishi mwenye ajira ya kudumu anaweza kukataa kuandika habari asiyoiamini, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukatoka. Mwandishi anayelipwa kwa kila makala akikataa, siku hiyo hana kitu. Anaweza kuwa na mawazo huru sana, lakini uhuru huo anaununua kwa njaa yake mwenyewe. Kumwita mwandishi huru ni kuchanganya mambo mawili ambayo lugha yetu ilikwisha kuyatenganisha vizuri, yaani uhuru wa mawazo na hali ya ajira.

Tena, kama tungefuata asili ya maneno peke yake, ndani ya chumba cha habari yuko mwingine mwenye dai kubwa zaidi juu ya neno hilo. Kitenzi cha Kiarabu tulikopata mhariri na tahariri kinatokana na mzizi ule ule wa neno huru, na kina maana ya kukomboa na pia ya kuyaweka maandishi sawa. Kwa asili, basi, mhariri ndiye mwenye uhuru! Mfano huu watosha kuonyesha kwamba asili ya neno ni mwongozo mzuri lakini si hakimu.

Wako pia waliojaribu "mwandishi binafsi", kwa kufuata mfano wa shule binafsi na mgombea binafsi. Jaribio hili halikufika mbali, na ni vyema halikufika. Neno mwandishi bado lina maana ya zamani ya mtu anayeandika kwa niaba ya mwingine, kama mwandishi wa mkutano. Mwandishi binafsi angedhaniwa kuwa ni karani wa mtu fulani.

"Mwandishi wa kujitegemea"

Istilahi iliyoshinda, hasa Tanzania, ni "mwandishi wa kujitegemea". Nguvu yake haikutoka katika uandishi. Ilitoka katika siasa ya nchi. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, neno kujitegemea liliwekwa sambamba na ujamaa, na mwezi wa Machi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Tangu hapo neno hilo lilipata heshima ambayo maneno machache ya Kiswahili yamepata kuipata. Mtu wa kujitegemea alikuwa mtu mzima, mwenye jembe lake na shamba lake.

Lakini tukumbuke maana yake katika Azimio. Aliyetakiwa kujitegemea alikuwa ni taifa, likitegemea ardhi yake, watu wake, siasa safi na uongozi bora. Kujitegemea huko kulikuwa kwa pamoja. Hakukuwa na maana ya kwamba kila mtu aachwe peke yake na mahitaji yake. Neno lilipohamishwa kutoka kwa taifa kwenda kwa mtu mmoja mwenye kalamu, liliichukua heshima yote, ila lile shamba lilibaki nyuma.

Linganisha na istilahi nyingine ya ukoo huo huo, yaani "wakili wa kujitegemea". Huyo ni wakili asiyeajiriwa na serikali wala shirika, anayewahudumia wateja wake mwenyewe. Istilahi hiyo inamfaa, na sababu yake ni wazi. Wakili ana leseni ambayo asiyekuwa nayo hawezi kumnyang'anya kazi. Ana chama kilichowekwa na sheria. Zipo kanuni za malipo ya mawakili, zilizotolewa upya mwaka 2015, zinazosaidia kuamua ujira wake mteja anapobisha. Wateja wake ni wengi, na akimkosa mmoja hafungi ofisi. Kwa ufupi, wakili huyo anajitegemea kwa sababu ana vitu vya kuegemea. Mwandishi tunayemwita kwa jina hilo hilo aghalabu hana hata kimoja cha hivyo. Ana gazeti moja, pengine mawili; hana kiwango cha malipo kilichoandikwa; na makala yake yasipochapishwa, hata nauli ya kuyafuatilia humtoka mfukoni.

Kiambishi -ji- na mtu aliyepotea

Sasa tuangalie istilahi yenyewe kwa jicho la sarufi. Kitenzi tegemea ni kitenzi elekezi: kina mtegemeaji na kina mtegemewa. Tukiweka kiambishi -ji- tunapata jitegemea, na hapo mtenda na mtendwa wamekuwa mtu mmoja. Hii ndiyo kazi ya kiambishi hicho, na katika mahali pake ni kazi nzuri. Mtu akijikata, hatuna haja ya kumtafuta aliyeshika kisu.

Lakini tazama jinsi msamiati wa kazi za kalamu ulivyojaa kiambishi hiki. Kijana akianza bila malipo, huambiwa anajitolea. Akianza kulipwa kwa makala, huambiwa anajitegemea. Akiuliza kwa nini hana likizo wala matibabu, huambiwa amejiajiri. Vitenzi vitatu, na katika vyote vitatu mtu mmoja ndiye anayetenda na ndiye anayetendwa. Yuko wapi aliyeipokea kazi? Yuko wapi aliyeichapisha, akauza gazeti, akapokea fedha za matangazo? Katika sentensi hayumo. Sarufi imemsamehe kabla hajaomba msamaha.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa istilahi hii, nao si udhaifu mdogo wa kimtindo. Kazi ya kuuza maandishi ina watu wawili: yule anayeandika na yule anayenunua. Istilahi inayomtaja mmoja tu inaficha nusu ya jambo, na nusu inayofichwa ndiyo yenye deni.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuwanyamazisha vijana wanaodai malipo yao. Yafaa tuwakumbushe wanaoitumia kwamba gazeti si ndugu, na ujira wa makala yaliyochapwa si cha nduguye. Ni chake mwandishi.

Jina mbele ya sheria

Huenda msomaji akaona kwamba tunakuza jambo la viambishi kupita kiasi. Basi na tufungue sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61 kama ilivyotungwa, inaeleza ni wakati gani mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka kinyume chake kithibitishwe, bila kujali namna mkataba wao ulivyoandikwa. Inataja dalili kadhaa, na moja tu ikiwapo yatosha. Miongoni mwake ni hizi: kwamba namna ya kufanya kazi au saa za kazi ziko chini ya uongozi wa mwingine, kwamba mtu huyo amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba amepewa vyombo vya kazi, kwamba anamfanyia kazi mtu mmoja tu, na kwamba anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi. Sheria inauliza: je, mtu huyu anamtegemea huyu? Na istilahi yetu inajibu, kabla ya shahidi wa kwanza kusimama: hapana, huyu anajitegemea, ndilo jina lake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi yuko mkoani. Kwa miaka sita ameandikia gazeti moja. Mhariri humpigia simu kila asubuhi kumwambia aende wapi, gazeti limempa kitambulisho na kamera, na hana mnunuzi mwingine. Kwa dalili za kifungu hicho ana hoja nzito ya kusema kwamba ni mwajiriwa. Lakini katika kila barua, kila hati ya malipo na kila orodha ya wafanyakazi, ameandikwa "wa kujitegemea". Jina limekuwa shahidi dhidi yake.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, sheria za Tanzania ziliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Zamani istilahi mbovu ya Kiswahili ilibaki gazetini, kwa kuwa mahakama kuu zilisema Kiingereza. Sasa mwandishi wa sheria anapotafuta neno hulitafuta katika orodha kama zetu. Neno tutakalomwekea ndilo litakaloamua. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na lilipoanza kutoa vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, kazi ya istilahi ilikuwa ni kuwawezesha wananchi kufanya shughuli zao kwa lugha yao. Leo imekuwa pia ni kuwalinda ndani ya lugha hiyo.

Maneno ya kazi tuliyoyarithi

Kiswahili hakikuanza jana kuwataja watu wanaofanya kazi bila ajira ya kudumu. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo: cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba amefanya kazi, kisha jina la cheti likamhamia mtu mwenyewe. Kipande, katika mashamba ya Tanganyika wakati wa ukoloni, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mtu alilipwa kadi ilipojaa. Katika Kenya kilikuwa cheti cha kuandikishwa ambacho Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Manamba waliitwa hivyo kwa sababu, walipoletwa katika mashamba ya mkonge, walijulikana kwa namba zao.

Haya ni maneno yenye uchungu, na hakuna anayetaka kumrudishia mwandishi jina la namba. Hata hivyo yana jambo moja ambalo istilahi yetu safi imelikosa. Kila moja linamwonyesha yule wa pili. Cheti kilitolewa na mtu, kadi ilijazwa na mtu, namba iliandikwa na mtu. Anayelisikia neno kibarua anajua mara moja kwamba yuko aliyemwita na atakayemlipa jioni. Anayesikia kujitegemea hajui lolote la namna hiyo.

Pendekezo: mwandishi wa mapatano

Kanuni iliyokubaliwa katika uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa kwingineko. Kwa kanuni hiyo tulipata maneno mazuri kama bunge, ikulu na kitivo. Katika jambo hili hatuna haja hata ya kutoka nje ya mlango, kwa maana Kiswahili kina msamiati kamili wa mtu anayeuza kazi yake bila kuajiriwa, nao ni msamiati wa fundi.

Seremala au mshoni haitwi wa kujitegemea, wala huru. Anaitwa fundi. Mwenye haja ni mteja. Hupatana juu ya kazi, bei na siku ya kumaliza. Mteja hutoa arubuni, ambayo ni fedha ya kufungia maneno. Kazi ikiisha fundi hupewa ujira wake. Anayejifunza kazi huitwa mwanagenzi, na fundi ana wajibu kwake kama yeye alivyo na wajibu kwa fundi. Maneno haya hayakutafsiriwa kutoka popote. Yametumika barazani na karakanani kwa vizazi vingi, na kila mtu anajua haki gani inafuata neno gani.

Kutokana na msamiati huo napendekeza istilahi "mwandishi wa mapatano" kwa mtu anayeandika kwa malipo ya kila kazi bila ajira ya kudumu. Sifa yake kubwa iko katika kiambishi -an- cha kutendana. Ambapo -ji- hufunga mlango na kumwacha mtu mmoja ndani, -an- hudai wawili. Hakuna apatanaye peke yake. Anayeitwa mwandishi wa mapatano anaweza kuulizwa na yeyote: mlipatana nini? Na swali hilo hilo linaweza kuulizwa upande wa pili. Kijana anayeanza kazi atakuwa amefundishwa na jina lake mwenyewe kwamba jambo la kwanza si kuandika. Jambo la kwanza ni kupatana.

Sipendekezi kulifuta jina la zamani. Liachiwe yule linayemstahili, yaani mwandishi ambaye kweli anaegemea vitu vyake mwenyewe: anawauzia wengi, anashika hakimiliki ya kazi zake, na pengine anazichapa mwenyewe. Historia yetu inatupa mifano ya kutofautisha. Shaaban Robert, ambaye alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa serikali. Kalamu ilimpa jina, lakini mshahara ndio uliomlisha. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri huko Zanzibar. Ben Mtobwa alianzia katika uandishi wa habari, kisha akaanzisha kampuni ya Heko iliyochapa vitabu vyake. Huyu wa tatu ndiye tunayeweza kumwita, bila kuona haya, mwandishi wa kujitegemea.

Majina mawili ya jirani

Istilahi hii haiishi peke yake, na hatuwezi kuisahihisha huku tukiyaacha majirani zake. La kwanza ni "mwandishi chipukizi", linalotumiwa kwa anayeanza. Ni neno zuri la shambani, lakini mche haudai kitu. Humwagiliwa kwa hisani ya mwenye bustani. Kwa hiyo tumezoea kusikia kwamba chipukizi alipwe kwa kuonwa jina lake. Neno mwanagenzi ni bora zaidi, kwa sababu linamweka mtu ndani ya mapatano ya kufunzwa. Ukimchukua mwanagenzi wako umfunze kweli, na ukiiuza kazi ya mkono wake, umpe sehemu yake.

La pili ni "Mwandishi Wetu". Msomaji wa magazeti ya Kiswahili amekutana mara nyingi na maneno hayo juu ya habari, mahali ambapo lingekuwapo jina la mtu. Wakati mwingine kuna sababu njema, kama vile usalama wa aliyeandika. Lakini mara nyingine mwandishi huyo ni yule yule ambaye katika hati ya malipo ameitwa wa kujitegemea. Hapa pana kichekesho kisichochekesha. Gazeti linapotaka sifa ya habari, huyu ni wetu. Linapotakiwa kumtibu akiugua, huyu ni wa kujitegemea. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unamhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata baada ya kuziuza haki zake za kiuchumi. Habari tupu za siku hazimo katika ulinzi wa mkataba huo, lakini makala yaliyotungwa yamo. Kivumishi -etu hakitoshi kumwondolea mtu jina lake.

Mapingamizi

Natarajia mapingamizi matatu. La kwanza ni kwamba neno mapatano limekwisha kutumika kwa wanaomaliza vita au ugomvi. Ni kweli, lakini watu wanaopatana bei sokoni hawajasumbuliwa na jambo hilo, wala hakuna aliyemdhania seremala anayefanya kazi kwa mapatano kuwa anatoka vitani. Muktadha hutenganisha.

La pili ni kwamba kujitegemea kumeenea mno. Hili nimelijibu: halifutwi, linapunguzwa mipaka. Lugha imefanya hivyo mara nyingi. Neno posho, ambalo lilikuwa ni chakula cha kupimiwa mfanyakazi, nchini Tanzania limekuwa ni fedha za safari na vikao, na hakuna aliyepata njaa kwa mabadiliko hayo.

La tatu ndilo zito. Litasema kwamba jina halijazi sufuria. Mwandishi akiitwa vyovyote, asiyetaka kulipa hatalipa. Nakubali kwamba istilahi haitoi fedha. Lakini istilahi huwezesha dai kutamkwa. Mtu asiyekuwa na neno la arubuni hawezi kudai arubuni, na asiyekuwa na jina la kazi iliyoagizwa kisha ikatupwa hawezi kudai fidia yake. Bila maneno hayo malalamiko hubaki manung'uniko ya mtu na rafiki yake.

Orodha ya mapendekezo

Kwa ajili ya kujadiliwa na wahariri, wanasheria na waandishi wenyewe, naleta mapendekezo haya:

Mwandishi wa ajira: anayelipwa mshahara kwa mkataba wa kazi.
Mwandishi wa mapatano: anayelipwa kwa kila kazi kwa masharti yaliyokubaliwa na pande mbili.
Mwandishi wa kujitegemea: anayemiliki kazi zake na kuziuza au kuzichapa mwenyewe kwa wengi.
Mwanagenzi wa uandishi: anayejifunza kazi chini ya mwenye ujuzi, kwa wajibu wa pande mbili.
Pendekezo la makala: maelezo mafupi anayopelekewa mhariri kabla ya kuandika.
Arubuni: fedha inayotolewa mapema kuthibitisha mapatano.
Makataa: siku ya mwisho iliyokubaliwa ya kukabidhi kazi.
Ankara: hati ambayo mwandishi hudaia ujira wake.
Fidia ya makala: malipo ya kazi iliyoagizwa na kukamilishwa, lakini haikuchapishwa.

Maneno haya karibu yote yako tayari katika vinywa vya watu, na kinachotakiwa ni kuyapa kazi yake rasmi. Wahariri wa magazeti wanaweza kuanza bila kungoja azimio lolote, kwa kuandika neno mapatano katika hati zao na kulijaza maana: kazi gani, ujira gani, lini, na jina la nani juu yake. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi wazilete katika kurasa hizi, mradi kila istilahi watakayoileta iwaonyeshe watu wawili.